Motokaa Iliyorudi Salama

Kijana msomaji, huenda umepata kuifungua redio ya nyumbani siku wazazi walipokuwa safarini, kwa kutaka tu kujua sauti yatoka wapi. Ulipokwisha kuifunga, skrubu moja ilibaki kiganjani. Ukaitia mfukoni, ukaiwasha redio, nayo ikalia kama kwanza. Je, mwenye redio ulimwambia habari ya ile skrubu? Swali hili laonekana dogo, lakini ndilo nitakaloliandama katika insha hii, maana mimi nami nimelibeba siku nyingi, na skrubu yangu ilikuwa nzito kuliko yako.

Mimi ni mwalimu, si fundi. Ualimu niliusomea chuoni. Ufundi niliuokota njiani, leo kidogo na kesho kidogo, kama mtu aokotavyo kuni. Jumamosi huvaa suruali kuukuu, nikatandika gunia chini ya motokaa yangu, ambayo ni Toyota Corolla iliyoundwa mwaka 1997, nikalala chali. Nimekwisha kubadili mafuta ya injini na plagi zake, nimetengeneza kitasa cha mlango wa jikoni, bomba lililokuwa likidondoka usiku kucha, na pasi za majirani zisizo na idadi. Wenzangu huniuliza kwa nini nisiwaachie kazi hiyo mafundi wa jua kali, nami nikapumzika. Sababu ya kwanza ni fedha, wala sioni haya kuitaja. Lakini iko na ya pili. Mwalimu hafundishi leo akaona matunda kesho. Hungoja miaka mingi, na pengine hayaoni kamwe. Bali nati ikikazwa imekazwa. Kitu kilichokuwa kimekufa asubuhi huwa hai jioni, na aliyekihuisha huiona kazi ya mikono yake mbele ya macho yake. Furaha hiyo naisifu, na yeyote asidhani kuwa maneno yafuatayo yameandikwa ili kumtisha asishike spana.

Hata hivyo, ufundi wa nyumbani una hatari yake. Fundi wa gereji ana mteja, na mteja hulalamika, hurudi na kelele, humtangaza sokoni. Fundi wa nyumbani ndiye mteja, ndiye fundi, ndiye mkaguzi. Kesi yake yasikizwa na mshtakiwa mwenyewe aliyeketi katika kiti cha hakimu, nawe waweza kukisia hukumu itakuwaje.

Chukua mfano mdogo kwanza. Plagi tunazotumia katika Kenya, zile za vyuma vitatu bapa, huwa na fyuzi ndani yake, aghalabu ya ampea 3 au 13. Kazi ya fyuzi ni kufa. Umeme ukizidi kipimo, uzi wake mwembamba huyeyuka na kuukata mkondo kabla waya haujapata moto wa kuunguza nyumba. Siku moja niliifungua plagi ya pasi ya jirani, nikakuta fyuzi iliyokufa imevishwa karatasi ya fedha itokayo katika pakiti ya sigara. Pasi ilikuwa ikifanya kazi vizuri sana. Nguo zilinyoka. Lakini aliyefanya vile hakuitengeneza, aliinyamazisha. Fyuzi ilikuwa imesema neno, naye akaiziba kinywa. Na wako wanaoitoa taa ya hadhari katika dashibodi ya gari kwa sababu rangi yake nyekundu yawaudhi. Nilimcheka sana yule wa karatasi ya sigara. Nakiri kuwa nilicheka mapema mno.

Ili unielewe, hapana budi nieleze kwanza jinsi breki zifanyavyo kazi. Ukanyagapo pedali, mguu wako hausukumi vyuma vilivyo magurudumuni. Wasukuma mafuta yaliyomo katika silinda kuu, nayo mafuta, kwa kuwa hayakubali kushindiliwa, huipeleka nguvu ile kwa mabomba membamba hadi kila gurudumu. Haya mmeyasoma katika fizikia kwa jina la Pascal, yule Mfaransa wa karne ya 17. Katika magurudumu ya nyuma ya motokaa kama yangu mna silinda ndogo yenye pistoni mbili, na kila pistoni ina kikombe cha mpira, kidogo kuliko sarafu ya shilingi, kinachozuia mafuta yasivuje. Mafundi hukiita raba. Watu watano na mizigo yao husimama au wasisimame kwa ajili ya kitu hicho ambacho mtoto angeweza kukimeza.

Mafuta ya breki nayo yana tabia ya ajabu: hunyonya unyevu kutoka hewani. Yale ya daraja liitwalo DOT 3, yakiwa mapya, hayaruhusiwi kuchemka kabla ya kufikia joto la digrii 205; yakishanyonya maji kiasi cha asilimia 3.7, kipimo hicho hushuka hadi digrii 140. Katika mteremko mrefu breki hupata moto mwingi. Maji yakichemka hugeuka mvuke, na mvuke, kinyume cha mafuta, hushindilika. Hapo pedali huzama hadi sakafuni kana kwamba umekanyaga tope.

Basi yote hayo nilikuwa nikiyajua, na jambo hili usilisahau uendeleapo kusoma.

Jumamosi moja ya mwezi wa Aprili, shule zikiwa zimefungwa na mvua zimeanza, niliona unyevu katika gurudumu la nyuma la kushoto. Nikainua motokaa kwa jeki, nikaiegemeza juu ya magogo, nikalivua gurudumu na dramu. Raba zilikuwa zikivuja. Katika kisanduku changu nilikuwa na raba mpya moja tu. Raba kuukuu iliyokuwa afadhali kuliko mwenzake niliipangusa, nikaielekeza kwenye mwanga, nikaona mkwaruzo mwembamba kama unywele. Duka la vipuri lilikuwa limekwisha kufungwa hadi Jumatatu. Iliyonipasa kufanya ilikuwa wazi kabisa: kuiacha motokaa juu ya magogo siku mbili.

Lakini nilikuwa nimejigamba. Siku shule zilipofungwa nilisema katika chumba cha walimu kwamba kazi ya breki ni ya saa tatu tu, na kwamba watu hutozwa fedha nyingi bure kwa kuogopa vyuma. Ningeionaje motokaa yangu imekaa juu ya magogo, mbele ya nyumba za walimu, Jumapili watu wakipita kwenda ibadani? Nikairudisha raba ile. Nikaongeza mafuta ya breki kutoka katika chupa iliyokuwa imekaa ghalani wazi, kifuniko kimelegea, tangu mwaka uliotangulia. Mpwa wangu akanikanyagia pedali tukaitoa hewa. Pedali ikawa ngumu, nzuri. Nikauzunguka uwanja wa shule mara mbili, nikafunga breki kwa nguvu, motokaa ikasimama pale pale. Nikajiambia: itanifikisha sokoni na kunirudisha, na Jumatatu nitaibadili.

Jumatatu ilikuja na shughuli zake. Na motokaa, kwa kuwa ilikuwa ikisimama kila nilipoitaka isimame, ilinisadikisha siku kwa siku kuwa nimeitengeneza.

Juma la tatu, kabla ya mapambazuko, nilisikia hodi mlangoni. Alikuwa mwalimu mwenzangu, mtu mzima kuliko mimi kwa miaka kumi na zaidi, aliyenipokea shuleni nilipotoka chuoni na kunifunza mengi ambayo chuo hakikunifunza. Mama yake alikuwa amezidiwa huko upande wa Narok, naye alitaka kumfikisha hospitali. Aliomba motokaa. Shule yetu iko karibu na Limuru, na njia ya Narok hushuka ukingo wa Bonde la Ufa hadi Mai Mahiu: kona baada ya kona, malori mbele na nyuma, upande mmoja ukuta wa mlima na upande wa pili uwazi. Barabara ile ilijengwa na wafungwa wa vita wa Kiitalia, na kando yake wakajenga mwaka 1942 kanisa dogo sana ambalo hata leo lipo, na wasafiri husimama hapo. Sijapata kuipita njia ile bila ya kuwaza kwamba waliojenga barabara na kanisa pamoja walikuwa wanaufahamu mteremko walioujenga.

Nilikuwa na maneno manne ya kusema: breki hizi si salama. Nikafumbua kinywa. Nikaona jinsi atakavyonitazama, yeye aliyekuwa akinisifu mbele ya wengine kuwa mwalimu asiyeogopa kuchafua mikono. Nikakumbuka pia kuwa mama ni mgonjwa na wakati ni mfupi, nami, naona haya kuandika, nilishukuru kuipata sababu hiyo, maana ilikuwa sababu nzuri ya kuvaa juu ya ile mbaya. Nikamkabidhi ufunguo, nikamwambia, “Nenda polepole, Mwalimu. Breki za gari hili zapenda kukanyagwa mapema.”

Yatazame maneno hayo, msomaji. Hayakuwa uongo. Yalikuwa robo ya kweli, iliyokatwa kwa uangalifu ili, jambo likiharibika, nipate kusema nilionya. Na lisipoharibika, pasiwe na mtu wa kuniuliza kitu.

Siku ile ilikuwa ndefu. Chakula cha mchana kiliandaliwa kikapoa. Kila simu iliyolia niliiogopa. Magharibi nikasikia honi: motokaa imerudi. Mama alikuwa amefikishwa hospitali, amelazwa, hali yake yapata nafuu. Mwenzangu aliteremka na kibuyu cha maziwa aliyopewa kwao aniletee, akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akasema, “Ahsante sana. Na breki zako, wallahi, kama za gari jipya.”

Kesho yake nilivua dramu. Ndani mlikuwa mmelowa mafuta. Unywele ule ulikuwa umekuwa ufa uliokwisha kupita nusu ya unene wa raba.

Sasa niulize: je, nilifanya kosa? Hakuna aliyeumia. Mgonjwa alipona. Motokaa ilifanya kazi iliyoombwa. Kama matendo yapimwa kwa matokeo, siku ile nilitenda wema, na maziwa niliyoyanywa yalikuwa ujira wa halali. Usiicheke hoja hii upesi, maana ndivyo tupimavyo karibu kila siku. Dereva aliyelewa akifika kwake salama husimuliwa kwa kicheko. Akimgonga mtoto huitwa muuaji, na hali chupa zilikuwa zile zile na barabara ile ile. Mwaka 1976 wanafalsafa wawili, Bernard Williams wa Uingereza na Thomas Nagel wa Marekani, walilijadili fumbo hili, na Nagel alimtaja dereva wa lori aliyezembea kuzikagua breki zake. Mtoto akikatiza barabara mbele yake, dereva huyo atajilaumu maisha yake yote. Mtoto asipokatiza, hatakuwa na la kukumbuka. Uzembe ni ule ule. Kinachotofautiana ni mtoto, na mtoto hakuwa katika mamlaka ya dereva.

Watu wa zamani nao walilifikiri. Yapata miaka 3,750 iliyopita Hammurabi, mfalme wa Babeli, alichongesha sheria zake katika jiwe ambalo sasa limo katika jumba la makumbusho la Louvre, Paris. Nyingi ni kali, na mjenzi ambaye nyumba aliyoijenga ilianguka na kumwua mwenyewe alipaswa kuuawa. Hiyo ndiyo inayotajwa sana. Mimi napenda zaidi nyingine iliyo karibu nayo, ambayo haina damu: mjenzi asiyeijenga kazi yake sawasawa, ukuta ukaanza kuinama, auimarishe ukuta huo kwa fedha yake mwenyewe. Tazama kuwa ukuta bado haujaanguka. Hakuna aliyekufa, hakuna hata aliyekwaruzwa, na tayari mjenzi ana deni. Sheria ya magari ya Kenya, Sura ya 403, yafuata njia hiyo hiyo: gari ambalo hali yake ni hatari halitakiwi barabarani, na mwenye gari anayemruhusu mwingine aliendeshe ana hatia, ajali ikiwako au isiwako.

Lakini sheria hainitoshi, maana sheria yaweza kuniadhibu bila ya kunifahamisha ni nini nilichomfanyia mwenzangu. Nimelifikiri jambo hili nikiwa chini ya motokaa, mahali pazuri sana pa kufikiria, na nimeona hivi. Siku ile mwenzangu alikuwa na njia kadhaa. Angaliweza kukodi teksi. Angaliweza kupanda matatu ya alfajiri. Angaliweza hata kuichukua motokaa yangu kwa kujua, akashuka mlima kwa gia ndogo, akaipumzisha katikati, akaamua mwenyewe kuwa hatari ile yafaa kwa ajili ya mama yake. Huo ulikuwa uamuzi wake, wala si wangu. Mimi niliuchukua nikautia mfukoni kama ile skrubu ya redio. Nilimweka rehani yeye na mama yake kwa deni la majivuno yangu, na hawakujua kuwa wamewekwa. Kwamba rehani ilikombolewa jioni kwa bahati, hilo halinihusu; bahati haikuwa kazi ya mikono yangu. Kosa langu halikuwa likingoja kona ya tatu ya mteremko lipate kutimia. Lilikwisha kutimia pale mlangoni, ufunguo ulipotoka kiganjani mwangu ukaingia katika chake.

Rafiki mmoja niliyemsimulia alinijibu kuwa hata mafundi wa gereji hufanya hivyo, tena kwa malipo. Ni kweli, wako. Sijui jibu hilo lilikusudiwa kunifariji kwa njia gani.

Mwingine alisema neno zito zaidi. Alisema, kama fundi wa nyumbani atataja kila wasiwasi alio nao, hakuna mtu atakayekaa katika kiti alichokiunga wala kunywa maji ya bomba alilolifunga, maana mtu asiyekuwa bingwa huwa na wasiwasi siku zote. Nakubali kuwa wasiwasi hauna mwisho. Lakini mimi sikuwa na wasiwasi. Nilikuwa na ujuzi. Nilikuwa nimeuona unywele ule kwa macho yangu kwenye mwanga. Asiyejua husameheka kwa kiasi chake, na yafaa ajifunze. Anayejua akanyamaza ni mtu wa namna nyingine, na spana moja yaweza kushikwa na wote wawili.

Liko jambo jingine ambalo kwa siku nyingi nilijifariji nalo. Breki za motokaa za siku hizi zimegawanywa katika njia mbili, ili moja ikivuja nyingine ibaki. Marekani iliyalazimisha magari mapya ya abiria kuwa hivyo tangu mwaka 1968. Motokaa yangu nayo imeundwa hivyo. Kwa hiyo, nilijiambia, hata raba ingalikatika kabisa, nusu ya breki ingalibaki, na mwenzangu angalisimama. Hata siku moja nikaona nilichokuwa nikikifanya. Watu nisiowajua, katika nchi za mbali, walikaa wakafikiri kuwa kazi yao yaweza kuharibika, wakamwekea msafiri njia ya pili. Nami niliichukua hadhari yao nikaifanya udhuru wa uzembe wangu. Wao walikuwa mabingwa, na hawakujiamini kiasi nilichojiamini mimi nikiwa na kisanduku kimoja cha spana.

Kuzitengeneza breki kulikuwa kazi nyepesi. Nilinunua raba mpya kwa magurudumu yote mawili ya nyuma na chupa ya mafuta ambayo haijafunguliwa, nikayamwaga ya zamani yote, na kabla ya saa sita kazi ilikuwa imekwisha. Fedha iliyotumika haikufikia nauli ya kwenda Narok na kurudi. Lililobaki lilinichukua miezi miwili. Mara nyingi nilimkuta mwenzangu peke yake, nikaanza, nikageuza maneno nikauliza hali ya mama. Kila alipojibu kuwa mama hajambo, niliona vigumu zaidi.

Mwishowe nilimwambia, jioni moja, tukisahihisha madaftari. Nilimweleza yote: raba, chupa ya ghalani, majigambo yangu, na ile robo ya kweli niliyompa pamoja na ufunguo. Alisikiliza bila ya kuinua macho katika daftari lililokuwa mbele yake. Nilipomaliza alinyamaza kitambo, kisha akauliza jambo ambalo sikulitazamia.

“Siku ile, Mwalimu, ulipokuwa ukitungoja, ulikula chakula cha mchana?”

Nikasema sikula.

“Basi ulikuwa ukijua tuko wapi,” akasema, “kuliko tulivyojua sisi.” Akafungua daftari jingine, akaendelea kusahihisha.

Mwezi uliofuata alikuja tena kuomba motokaa, safari hii kwa kumrudisha mama kwa daktari. Nilimpa ufunguo. Hakuingia ndani mara moja. Aliomba gunia na kurunzi, akalala chali nyuma ya gurudumu la kushoto kwa suruali yake ya safari, akaniita nishuke karibu naye nimwonyeshe, kitu kwa kitu, nilichobadili.